Nani Ameshika Shazia?

Wadogo zangu, leo sijibu barua tatu kama kawaida. Najibu moja, maana imenikalia kichwani tangu nilipoifungua, na nina hakika wengi wenu mtajiona humo hata kama hamjawahi kushika jembe.

Imetoka Malolo, Kilosa. Msiopajua, ukitoka Mikumi kuelekea Iringa, kabla gari halijaanza kupanda Kitonga, unapita bonde la mibuyu lenye vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Upande ule. Aliyeniandikia ana miaka 26, mtoto mmoja, na heka moja na nusu ya vitunguu vya kumwagilia. Anasema msimu uliopita aliuza magunia 20. Akahesabu hela mara tatu mbele ya dalali, ikatimia, akashukuru, akarudi nyumbani. Usiku usingizi ukakataa, kwa sababu alijua kabisa ameibiwa, ila hakuona ameibiwa wapi. Halafu kuna maji. Zamu yake huangukia saa nane za usiku, na mara nyingine anafika na tochi anakuta mfereji mkavu. Akilisema kwenye kikao anajibiwa, "Tumelipokea." Binamu yake wa Morogoro mjini amemwonea huruma, akamtumia video za kwenye simu zinazochambua kitabu cha kanuni za madaraka. Ameshaangalia kanuni kumi. Sasa ananiuliza: "Dada, nijifunze ukatili, au niendelee na upole wangu huu usionilipa?"

Mdogo wangu, sogea hapa tuongee.

Kitabu hicho nakijua. Aliyekiandika ni Mmarekani, Robert Greene, na kilitoka mwaka 1998. Mifano yake mingi kaichota kwenye majumba ya wafalme. Kisa anachoanza nacho ni cha Nicolas Fouquet, waziri wa fedha wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme kwenye sherehe: jumba jipya, bustani, chemchemi za maji, mchezo wa kuigiza, chakula cha kumwaga. Mfalme akala, akaondoka. Wiki chache baadaye Fouquet akakamatwa, na alifia kifungoni mwaka 1680. Usimzidi mkubwa wako kung'ara, ndilo funzo. Na sitakudanganya, maofisini nimeliona kwa macho: kijana kaja na gari zuri kuliko la mkurugenzi, na kuanzia wiki ile kila ripoti yake ikawa na makosa.

Lakini kwenye jumba la mfalme, ukimmaliza adui amekwisha, hutamwona tena. Malolo ukimmaliza mtu Jumatatu, Jumatano mko msibani mkeka mmoja, mnachambua mchele wa matanga, sinia moja, mikono inagongana. Mwanao na mwanawe wanakaa dawati moja. Siku mtoto akishikwa na degedege usiku, mwenye bodaboda iliyo karibu ni yeye. Mbinu za kumzika mtu akiwa hai zinataka mji mkubwa wa kujifichia, na ninyi hamna. Kwa hiyo kanuni hizo kumi ziweke kando kwanza. Kuna kitu cha kuangalia ambacho hakimo kwenye video, na kipo mita mbili kutoka ulipokuwa umesimama siku ya kuuza.

Turudi shambani siku ile. Sikuwepo kwako, ila nimesimama kwenye mashamba ya namna hiyo, najua inavyokuwa. Gunia limejaa mpaka mdomoni. Wewe na mimi tungesema limejaa, lifungwe. Kijana wa dalali hafungi. Anavuta wavu, anauzungushia mdomo wa gunia, anaanza kupanga vitunguu juu, kimoja kimoja, kama anajenga kichuguu. Mkono wa kushoto unapanga, wa kulia umeshika shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na kamba. Anashona huku anapandisha, anakandamiza kwa goti, anapata nafasi, anaongeza viwili, vitatu, anakaza. Mwenye vitunguu yuko pembeni kwenye mafiga, anawachemshia chai hao hao. Wakimaliza, gunia limevaa kilemba. Lumbesa.

Sasa lete kidole tuhesabu. Tuseme kila kilemba kilikuwa kilo 30 tu, na vipo vinavyozidi hapo. Magunia 20 mara kilo 30 ni kilo 600. Magunia sita ya kilo mia. Uliuza magunia 26 ukalipwa 20. Hela uliyoihesabu mara tatu ilikuwa sahihi mdogo wangu, wala dalali hakukuibia hata shilingi. Uliibiwa kabla hela haijatoka mfukoni, na mwizi alikuwa na sindano.

Ndiyo maana nikasema tusianze na kanuni za wafalme. Madaraka ya kila siku hukaa kwenye mkono unaopima, na mara nyingi mkono huo ni wa mtu ambaye hata hukuuliza jina lake. Dalali alikuwa kwenye gari anaongea na simu. Kijana mwenye shazia ndiye aliyeamua gunia linaishia wapi.

Utaniambia sheria ipo. Ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa vipimo halali, na mfungashio usizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele suala hili miaka nenda rudi. Lakini sheria haiamki nawe saa kumi na moja alfajiri kung'oa vitunguu, na dalali analijua hilo. Swali la kujiuliza ni kwa nini wewe, mwenye akili zako timamu na mwenye mali, ulitazama kilemba kinashonwa ukanyamaza.

Nitakujibia. Ulinyamaza kwa sababu vitunguu vilishang'olewa, vimelala chini, wingu limetanda kwa mbali, gari limeshafika, na akiondoka huyu hujui mwingine anakuja lini. Yeye alikuwa na uwezo wa kusubiri, wewe hukuwa nao. Hapo ndipo bei hupangwa, wala haipangwi kwa ukali wa sauti. Anayeweza kusubiri ndiye anayepanga. Nenda kaangalie kila mahali: mwenye nyumba na mpangaji, mwajiri na mwenye njaa ya kazi, posa yenyewe. Na kama mwezi wa mbolea ulichukua hela kwa dalali huyo huyo, basi vitunguu uliviuza siku ile ile uliyopokea mbolea. Hiyo siku ya gari ilikuwa ya kukabidhi tu.

Kwa hiyo mkakati wako wa msimu ujao hauanzi kwenye kuuza, unaanza kwenye kujinunulia siku. Vitunguu vikinyauka shingo vizuri shambani, vikaanikwa kwenye kivuli chenye hewa, juu ya kichanja badala ya udongoni, vinavumilia wiki kadhaa. Wiki hizo ndizo nguvu yako. Mbolea kopa kwenye kikundi chenu, hata kama ni mifuko miwili badala ya minne. Na usikubali gunia lijazwe kabla wewe na dalali hamjakubaliana mambo mawili, bei na kipimo, maana bei bila kipimo ni nusu ya mazungumzo. Wengi wenu mnapigania elfu mbili kwenye bei ya gunia, mnarudi nyumbani mmeshinda, huku kilemba kimeondoka na mara kumi ya hiyo.

Halafu dalali usimchukie sana. Mtazame. Naye ana mtu anayembana: tajiri wa Dar anayetaka mzigo ufike sokoni usiku wa leo, na mwenye gari anayehesabu siku. Anachokiogopa kuliko vyote ni kurudi na gari nusu. Mkulima mmoja mwenye magunia 20 hamtishi, atampita aende kwa jirani. Lakini majirani wanne waliong'oa wiki moja, wana mzigo wa kujaza gari, wana mzani mmoja waliouchangia na uliohakikiwa, na wana vijana wao wenyewe wa kushona? Huyo dalali atakunywa chai yenu kwa adabu. Atanung'unika, ndiyo. Atasema ninyi watu wa Malolo mmekuwa wajanja. Mwitikieni, mmuongeze sukari.

Narudia, vijana wenu wa kushona. Shazia iwe mkononi mwenu.

Sasa maji. Hapa ndipo barua yako iliponigusa zaidi, maana maji hayana dalali wa kumnung'unikia. Maji humtii aliye karibu na banio. Wa juu anamwagilia mchana, anarudi kula, analala. Wa chini anamwagilia usiku na tochi mdomoni, au hamwagilii. Na wa juu si lazima awe mtu mbaya. Hajakudhulumu kwa makusudi, amezaliwa juu tu.

Kulikuwa na mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1990, na maisha yake yote alichunguza jambo moja: watu wa kawaida wanavyogawana vitu vya pamoja, kama samaki, misitu, malisho na maji, bila kuuana na bila kumngoja mkubwa. Yeye na wenzake waliangalia mifereji mingi ya wakulima kule Nepal. Walikuta jambo la ajabu. Kwenye mifereji ya kienyeji, yenye banio la mawe na matawi linalobomoka kila mvua, wa chini mara nyingi walipata maji kwa haki zaidi. Kwenye mifereji iliyokarabatiwa kwa fedha za wafadhili, banio la zege imara kabisa, wa chini mara nyingi walikauka.

Kwa nini? Fikiri kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Banio la mawe likibomoka, wa juu hawawezi kulijenga peke yao. Wanawahitaji wa chini waje na majembe na mabega. Na mtu unayemhitaji kesho humnyimi maji leo. Zege lilipokuja, hitaji likaisha, na adabu ikaondoka nalo. Zege halikuwa na kosa lolote, ila hakuna aliyekumbuka kwamba ule usumbufu wa kila mwaka ndio uliokuwa unawaunganisha.

Mimi niliposoma habari ile niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Nilikumbuka watu wangapi walikuwa wananisalimia vizuri nilipokuwa na kitu wanachokihitaji.

Ninyi mko kwenye bonde lenye skimu kama ya Mwega, yenye banio la kujengwa. Basi swali lako la mkakati ni hili: wa juu wananihitaji kwa nini? Wewe umekuwa ukiuliza nitawaambiaje wanionee huruma. Huruma huisha wakati wa kiangazi, hitaji haliishi. Mfereji bado unajaa mchanga na majani kila masika, na unahitaji mikono ya kuusafisha. Kikao cha chama cha umwagiliaji kinahitaji akidi, la sivyo kinaahirishwa. Mwenyekiti anahitaji kura. Wanawake wa juu wakitaka kuomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hawapewi mmoja mmoja, lazima wawe kikundi. Hayo yote ni mawe ya banio. Wakusanye wa chini wenzako, hata sita. Siku ya kusafisha mfereji njooni wote, mapema, kabla ya wote, fanyeni kazi nzuri. Wakati wa kupumzika, mate yakiwa bado yamekauka midomoni na majembe bado mkononi, ndipo mseme: sisi tutakuja kila mwaka hivi, na tunaomba zamu izunguke, kiangazi hiki mchana uwe wetu wiki moja na wenu wiki moja. Hapo hamjatishia mtu. Mmewakumbusha tu jembe ni la nani.

Nikuambie na langu, usije ukadhani dada yako alizaliwa anayajua haya. Miaka hiyo nilikuwa mwajiriwa mpya, kijana, diploma yangu bado inanukia wino. Ofisi siitaji. Nilikuwa nasubiri barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Nilijua aliye na madaraka ni mkurugenzi, kwa hiyo mkurugenzi nilimsalimia kwa magoti. Kulikuwa na mama mmoja wa masjala, mtu mzima, miwani imefungwa kamba, anatembea taratibu na majalada kifuani. Siku moja kachelewa kuniletea jalada, nikamjibu mbele za watu. Sikumtukana, lakini nilitumia ile sauti. Mnaijua.

Jalada langu likapotea. Yaani halikupotea: kila nikiuliza liko "kwenye mzunguko." Mwezi wa kwanza kwenye mzunguko, wa pili kwenye mzunguko. Mkurugenzi mwenyewe akauliza, akaambiwa kwenye mzunguko, akaridhika. Mwezi wa tatu nikanunua kitenge, nikaenda masjala mchana watu wameenda kula. Yule mama alikuwa anakula mihogo na chai. Nikapiga magoti kabisa, nikasema shikamoo mama, nilikukosea. Akatafuna kwanza akamaliza. Akasema, "Marahaba. Kitenge kakishone wewe, mimi nina vingi." Kesho yake asubuhi jalada lilikuwa mezani kwa mkurugenzi.

Sisemi alifanya vizuri. Kukalia jalada la mtu ni uonevu, na leo mambo mengi yanaingizwa kwenye kompyuta ili yasikaliwe. Ila pale nilijifunza kusoma ofisi. Mwenye cheo anasaini. Lakini nani anaamua kitu gani kifike mezani kwake, na lini, na kikiwa juu ya rundo au chini? Dereva anajua bosi kaamkaje. Mhudumu wa chai anajua nani kaingia na nani. Wewe usiwapende hao kwa sababu ya kuwatumia, watakunusa mara moja. Wasalimie tu kama watu, kila siku, hata siku usiyo na shida.

Na kabla hamjanielewa vibaya, hilo si uchawa. Mnajua siku hizi vijana wengi wameamua njia fupi ni kuwa chawa wa mtu mkubwa, kumsifia asubuhi na jioni. Unashiba kweli kwa muda. Lakini chawa anakaa kwenye nguo ya mtu, na nguo hufuliwa. Tuendelee.

Kuna mkono mwingine nataka uutazame, wa kalamu. Na hapa sihitaji kwenda Nepal wala Ufaransa, kwa sababu kisa chenyewe kilitokea Kilosa, wilaya yenu.

Shuleni mlisoma habari za Chifu Mangungo wa Msowero na Karl Peters. Msowero iko hapo hapo Kilosa. Mpaka leo mtu akisaini mkataba mbovu, bungeni au kijiweni, tunasema mkataba wa Mangungo, tunacheka, kana kwamba yule mzee alikuwa mjinga wa kipekee. Mimi simcheki. Hebu mtazame pale alipokaa. Novemba 1884 anafika kijana wa miaka 28, Mjerumani, na wenzake wachache na wapagazi. Hana jeshi. Kisasa tungesema hana hata kibali, maana alishuka Zanzibar kwa kujificha. Kwa kipimo cha Usagara, huyu ni mgeni mwenye zawadi anayetaka urafiki. Mangungo alipima kwa kipimo anachokijua, na kwa kipimo hicho hakukosea.

Tarehe 29 Novemba wakaweka alama kwenye karatasi iliyoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake imeandikwa kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote, na haki zake zote, kwa chama cha Peters. Imeandikwa pia kwamba mkalimani, Ramazan, alimweleza yote kwa ufasaha. Na kuna kipande kingine ambacho huwa kinanisisimua kila nikikikumbuka: kwamba alipoulizwa, Mangungo alijibu hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na wala hamjui kwamba yupo.

Sasa jiulize, maneno hayo yanafanya nini kwenye karatasi ya urafiki? Mangungo alikuwa na sababu gani ya kumtaja Sultani? Hana. Maneno yale hayakuandikwa kwa ajili ya Msowero. Yaliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Berlin, kumjibu Sultani Barghash kabla hajalalamika. Peters alikusanya karatasi kama hizo kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa wiki chache tu, akarudi nazo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I akatia saini hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash akalalamika kweli. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, akanyamaza. Mizinga ilikuja mwisho. Iliyotangulia ni kalamu, na aliyeishika ndiye aliyeamua Mangungo kasema nini.

Nimekupeleka mbali kwa sababu ya neno moja kwenye barua yako: "Tumelipokea." Limepokelewa na nani, likaandikwa wapi? Mdogo wangu, lalamiko lako ulilisema lini kwenye kikao? Nabashiri. Ulilisema mwishoni, kwenye "mengineyo," watu wameshavaa kandambili, mwenyekiti anaangalia jua. Kinachosemwa kwenye mengineyo huliwa na upepo. Lakini kikiingia kwenye muhtasari kama ajenda, kikao kijacho kinarudi chenyewe chini ya "yatokanayo," na mtu anatakiwa kusimama aeleze amefanya nini. Humuombi tena. Karatasi ndiyo inayomuuliza.

Na muhtasari anaandika nani? Katibu. Na ukatibu wa kamati ya maji anautaka nani? Hakuna. Wanaume wote wanataka uenyekiti, kiti cha mbele na soda. Ukatibu unaonekana kazi ya kuchosha, ya kukaa na daftari watu wakiwa wanachangamka, basi hupewa mwalimu au yeyote mwenye mwandiko. Gombea huo, tena wala hutagombea, utaachiwa. Ukiwa na daftari, wewe ndiye unayeandika zamu: nani, siku gani, saa ngapi, maji yalifika au hayakufika. Andika ukweli mtupu, hata wa upande wako ukikosea, kwa sababu siku ya kwanza wakikukamata umepindisha, daftari linakufa na wewe pamoja nalo. Na kabla kikao hakijafungwa, wasomee ulichoandika kwa sauti. Soma mpaka hata asiyejua kusoma aitikie kwa kichwa. Hilo sidhani kama Mangungo alifanyiwa.

Kanuni hiyo hiyo mnayo tayari kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Lile sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinazokaa kwa watu watatu tofauti, hela zinahesabiwa katikati, mbele ya wote, sauti juu. Aliyebuni utaratibu ule alijua kitu kuhusu binadamu, na hakuhitaji kumtukana mtu kuwa mwizi. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni wenu kwa sheria, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo. Msiposhtuka, husomwa haraka kama matangazo ya vifo redioni.

Na kama kuna neno zito la kumwambia mkubwa, usilibebe peke yako. Huko kwenu Wavidunda na Wasagara ni watu wa upande wa mama, mjomba ana neno. Mpelekee mjomba kwanza, jioni, kistaarabu, ukiwa na kitu mkononi. Au mtafute mtani wa mwenyekiti. Mtani anaweza kumwambia msibani mbele ya watu mia, "Huyu marehemu kafa kwa kiu, zamu yake ya maji uliipeleka wapi?" watu wakacheka, mwenyekiti akacheka, na usiku akiwa kitandani hacheki. Wewe ungelisema neno hilo hilo ungeitwa mkorofi mpaka uzeeni.

Kwa hiyo umeniuliza ukatili au upole. Upole wako baki nao, unakupendeza, na kijijini una thamani kuliko unavyodhani: watu watakupa daftari kwa sababu wewe ni mpole. Video mrudishie binamu yako, mwambie asante. Kisha niandikie baada ya mavuno, uniambie vitu viwili: gunia lako lilikuwa na kilo ngapi kwenye mzani, na nani alishona.

Umesema kikao cha chama chenu ni Jumamosi. Pita dukani kabla, nunua kaunta buku moja na kalamu mbili. Mbili, mdogo wangu, kwa sababu moja ataiazima mwenyekiti kutia saini, na hairudi.